Nyuki wa Droo ya Maabara

Bweni la Wasichana
Jumapili, 4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naiweka salamu mbele kabisa, maana ukishafika kwenye habari yenyewe utasahau kuniitikia. Mimi sijambo, ila jicho moja limevimba na mkono wa kushoto umeumuka kama mkate uliozidi hamira. Usishtuke, tutafika huko. Binti yangu kajifungua salama, mtoto wa kike. Basi umepata kitukuu. Wanasema kachukua masikio yako yale yale, kwa hiyo tunamwombea nywele ziote haraka zimsitiri.

Mimi bado niko hapa shuleni na kazi yangu ya umatroni. Chumba changu ni cha mwisho bwenini: kitanda, meza, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Na habari yenyewe imeanzia kwenye hizo kamba.

Jumatano nilikuwa naanua shuka za wasichana nikasikia mvumo. Nikadhani lori. Lori halikupita. Nikainua macho, hewa yote imejaa vidoadoa vinavyozunguka, na kabla sijaikunja shuka niliyoshika, nyuki wote wakajikusanya kwenye tawi la mti ulio nyuma ya kamba, wakaning'inia kama ndevu za mzee. Wasichana wakapiga yowe, nikawafungia bwenini.

Mwalimu Mkuu si mtu mbaya, Mjomba. Nyuki mmoja akimdunga, koo humfunga asipate pumzi, ndiyo maana aliongea nami kupitia kioo cha ofisi yake.

"Bwana wa dawa anakuja kesho asubuhi kuwapulizia," akasema.

"Nipe jioni hii tu, nitawatoa."

"Ukishindwa?"

"Si bwana wa dawa atakuwepo?"

Sijui kimbelembele hicho nilikitoa wapi. Niliwatazama tu pale tawini, wametoka kwao wote na hawana pa kwenda. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo nikikaa kwenye kizingiti nakuangalia ukiwashika kama mtu anayechota maharage.

Mzinga sina. Stoo kuna kabati bovu la maabara, nikachomoa droo yake kubwa ya chini. Ilinuka dawa, nikaisugua kwa mchaichai kama ulivyokuwa ukifanya. Kitasa kilishang'oka, kimeacha tundu, nikasema huo ndio mlango wao. Kifuniko, kipande cha plaiwudi. Nikajifunika chandarua kichwani, mikononi nikavaa soksi za michezo. Mpishi wa shule nikamwomba ashike ngazi.

"Matroni," akaniambia, "mimi nimezoea vinavyokufa kwenye sufuria, si vinavyoua." Lakini ngazi alishika.

Nikawanyunyizia maji kwa ile chupa ya kupigia pasi, nikaweka droo chini yao, nikalitikisa tawi. Nusu waliingia droo. Nusu waliniingia mimi. Mpishi akakimbia, ngazi ikabaki inanishangaa. Ila nilipofunika plaiwudi, wale wa nje wakaanza kupanga foleni kwenye tundu la kitasa, na wengine wakasimama mlangoni makalio juu, wanapepea mabawa. Hao walikuwa wanafanya nini?

Mwalimu Mkuu kakubali wabaki, kwa sharti: wakae mbali na bweni, na akidungwa mtoto kwa uzembe wangu, nitafungasha mimi na nyuki wangu. Na mimi, Mjomba, siwezi kufungasha tena. Basi niambie nifanye nini.

Wako,
Chiriku


Dukani
19 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, marahaba, na ya pili ni ya kitukuu. Mungu amkuze. Masikio yangu asiyachukue, kuna vitu bora vya kurithi. Achukue meno.

Mimi mzima. Mvua huku imekuwa ya kubabaisha. Duka lipo, saa za kutengeneza zipo, watu wachache.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka mpaka nikakaa. Soksi za michezo! Hao waliosimama makalio juu walikuwa wanawaita wenzao. Wanatoa harufu, wanaipepea nje, maana yake "malkia yuko humu, njooni." Ukiona hivyo jua kazi imekwisha. Umeifanya vizuri, ingawa umeifanya kipumbavu.

Sasa sikiliza. Droo ni nyumba nzuri kuliko mizinga mingi niliyowahi kuiona, ila haina dari ya kujengea. Kata chaga za vitanda vibovu, uzirande ziwe na upana wa kizibo cha chupa ya soda. Si zaidi, si pungufu. Hicho ndicho kipimo cha nyuki wetu, kila chaga wataning'iniza sega moja. Zipange juu ya droo zibanane bila mwanya, na katikati ya kila moja paka mstari wa nta. Watakuwa wameshaanza kujenga kwenye plaiwudi. Kata taratibu, funga kwa utepe wa kitambaa kwenye chaga, watalishikiza wenyewe na utepe watautafuna. Iweke juu ya meza fupi, kila mguu kwenye kopo la oili chafu, kwa ajili ya siafu. Uihamishe jioni, tundu umeliziba, na juu uweke kitu cha kuzuia jua. Moshi kidogo. Unawaarifu, huwafukuzi.

Halafu kila jioni weka sikio kwenye ubao. Nyuki huwezi kuwajua kwa macho. Uniandikie wanasemaje. Usiniandikie "wanavuma", hata mtoto anajua wanavuma. Niandikie sauti yenyewe.

Mkwe wangu hajambo? Hukumtaja. Na uliandika "kufungasha tena". Hilo "tena" limekaa kwenye barua kama jiwe kwenye wali.

Mjomba wako


Bweni la Wasichana
10 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Huku wote hatujambo. Kitukuu chako ameanza kutabasamu, mama yake anasema ni gesi tu, mimi nasema ni tabasamu. Jicho limerudi mahali pake.

Nimefanya kila ulichoniambia. Chaga nimeziranda mwenyewe nyuma ya jiko, na kizibo cha soda mkononi, Mpishi akidai kwamba soda iliyotoka humo ni haki yake. Droo sasa iko nyuma ya stoo ya zamani, mahali wasichana hawafiki. Kutwa nzima nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la kitasa, wengine miguu imebeba unga wa njano kama wametoka kukanyaga manjano.

Nimeweka sikio. Sasa nisikilize. Asubuhi ni sauti nyembamba, ya haraka, kama wasichana kabla kengele haijalia, kila mmoja anatafuta kiatu. Mchana droo inakuwa karibu tupu, kuna mnong'ono tu wa wachache waliobaki kulea. Jioni ndiyo nzuri. Jioni inakuwa nene, ya chini, ya kufanana kote, kama wanawake jikoni baada ya wageni kuondoka, vyombo vimeoshwa, hakuna mwenye haraka. Jana nilisahau kuondoa sikio nikasinzia pale pale.

Mwalimu Mkuu hupita kwa mbali na kunipungia mkono kuuliza kama bado niko hai.

Nilikupigia simu Jumamosi. Nilifurahi kukusikia, ila nilikuuliza umekula nini ukasema "Ndiyo." Nikakuuliza kama mgongo unauma ukasema "Ndiyo, ndiyo, salama." Ulikuwa na wateja?

Wengine wote ulioniuliza hawajambo.

Chiriku


Nyumbani
21 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Mimi mzima. Nimeamua kulifunga duka kwa muda nipumzishe macho. Saa za siku hizi zote za betri, hazina kazi ya maana.

Simu achana nayo. Laini za huku mbovu. Na watu nao wamebadilika, sijui wameingiwa na nini, kila mtu ananong'ona. Zamani mtu akija dukani anapaza sauti, "Fundi, hodi!" Siku hizi wanakuja wanachezesha midomo tu. Mke wa jirani kanuna wiki nzima, ati alibisha mlango mpaka mkono ukamuuma, sikufungua. Ningesikia mtu anabisha nikaacha kufungua? Kwani mimi sina adabu?

Barua yako ya jioni ile, ya wanawake jikoni, nimeiweka chini ya mto. Niandikie nyingine kama ile. Niandikie na ya mvua juu ya plaiwudi, wanafanyaje mvua ikianza.

Tena ujue hili: malkia akifa, sauti hubadilika. Wataacha ule mvumo mnene, wataanza kuugulia, unapanda na kushuka, kama nyumba yenye msiba. Ukisikia hivyo uniandikie siku hiyo hiyo.

Nimekuwa nikiwaza. Matroni analala bwenini. Mwanamke mwenye ndoa akilala bwenini, mumewe analala wapi? Sikuulizi wewe. Nauliza ukuta.

Mjomba wako


Bweni la Wasichana
27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu fupi.

Juzi ulivuma upepo uliong'oa mabati mawili ya jiko. Nilipofika nyuma ya stoo, jiwe nililoweka juu ya plaiwudi liko chini, plaiwudi iko kwenye ua, na chaga zimetawanyika. Masega mawili yalikuwa yameanguka, asali inavuja, na nyuki wametapakaa kwenye tope wengine wamekufa. Mpishi alikuja mwenyewe bila kuitwa, kajifunika gunia la unga kichwani, tukaokota sega moja moja tukayafunga kwa utepe. Nimedungwa mpaka nikaacha kujali. Hakuna mtoto aliyedungwa, Mungu mkubwa.

Jana jioni niliweka sikio. Ni vile vile ulivyosema. Wanaugulia. Inapanda, inashuka, inanyamaza, inaanza upya upande mwingine. Niliondoa sikio nikakuta nimejishika mdomo.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja ilifika leo, ikanikuta hivyo hivyo.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kuweka saa sikioni nikiwa na miaka mitano. Nimesoma barua yako mara mbili. Watu hawajaanza kunong'ona. Unajua, na mimi najua, wala huna haja ya kunijibu hilo. Kuanzia leo nitakuandikia sauti zote. Si za nyuki tu. Nitakuandikia za bweni, za jiko, za kitukuu chako akija.

Na kwa kuwa nimekusema wewe, haki niseme na yangu. Mume hayupo. Aliondoka mwanzoni mwa mwaka jana. Hakunipiga wala hakunitukana. Alipakia nguo kwenye lori lake kama anakwenda safari ya kawaida, nikamfungia na chakula cha njiani, na baada ya siku kadhaa akanitumia ujumbe kwamba safari hiyo haina kurudi. Nyumba ilikuwa ya ndugu zake, wakanipa muda wa kutoka, nami nikatoka. Nilikuambia nimehama kwa ajili ya kazi kwa sababu nilijua utapanda gari la kwanza uje kumtafuta kwa koleo la saa mkononi. Na nilikuwa sitaki mtu aniangalie kwa huruma. Wasichana hapa hawanihurumii hata kidogo. Wananiita "Kengele". Inanifaa.

Niambie, hawa nyuki wanaweza kupona bila mama yao?

Chiriku


Nyumbani
8 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Naanza na nyuki kwa kuwa hao hawawezi kungoja. Wanaweza kupona. Kama malkia alikuwa ametaga siku zile za karibu, nyuki vibarua watachagua watoto wachache, watawalisha chakula cha kifalme, na kila mmoja watamjengea kitanda chake. Tazama kwenye kingo za sega, utaona kitu kama ganda la karanga linaning'inia kichwa chini. Ukiliona, funika, uondoke. Usifungue tena. Si jioni hiyo, si kesho yake. Hapo kazi ni ya kwao, yako ni kungoja.

Sasa mimi. Saa za mkononi ndizo zilizonyamaza kwanza. Nilidhani zimekufa, nikazifungua, nikakuta zinatembea. Zikafuata za mezani. Ile kubwa ya ukutani ilinivumilia muda mrefu, nikawa nausikia ule mlio wa saa kamili kwa mbali kama unatoka nyumba ya tatu, kisha nao ukahama mtaa. Nikawa nazishika kwa ncha ya kidole, au nazibana kwa meno, nazisikiliza kwa mfupa. Siku moja nikamwambia mama mmoja saa yake haiponi, imekufa. Kesho yake akanirudishia inatembea. Nikafunga duka.

Na mizinga sikuiacha kwa sababu ya mgongo, kama nilivyokuambia zamani. Nyuki akikasirika sauti hutangulia, mwiba hufuata. Mimi nikawa napata mwiba peke yake.

Sikusema kwa kuwa nilijua nikisema tu, nitakuwa "yule mzee kiziwi", na watu watanipigia kelele usoni kama wanamwita mbuzi. Ukiandika wewe, sauti inakuwa ya kawaida. Ndiyo maana nilitaka barua.

Kuhusu huyo mwanamume. Koleo liko hapa mezani, limenolewa. Nimelitazama, nikalirudisha kwenye droo. Uliloniambia umeniambia umesimama wima, kwa hiyo sina wa kumwokoa. Nakwambia hili moja tu: mtu aliyekusanya kundi zima kwa chandarua na soksi hakuachwa kwa sababu ana upungufu. Na hii nyumba ina chumba cha nyuma ambacho hakijawahi kuwa cha mtu mwingine. Si lazima uje. Nataka tu ujue una pa kufungashia.

Mjomba wako


Bweni la Wasichana
14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako haijafika, labda tutapishana njiani, ila siwezi kungoja.

Binti yangu alikuja na mtoto Jumapili. Nilikuahidi sauti: akilala anakoroma kidogo kidogo kama paka aliyekaliwa, na akiamka huwa halii mara moja, anavuta pumzi kwanza, ndefu, kila mtu chumbani anasimama anamngoja, ndipo anapofungulia. Wasichana walimbeba kwa zamu mpaka nikampokonya.

Sasa nyuki. Siku zote hizi waliendelea kuugulia, kila jioni kwa udhaifu zaidi. Unga wa njano haukuingia tena. Mwalimu Mkuu alikuwa akinifungulia dirisha la ofisi asubuhi, kiasi cha kidole, "Vipi wale, bado wanaumwa?" Nikimwambia bado, analifunga taratibu. Nilianza kufikiri nitaiosha ile droo niirudishe stoo.

Leo alfajiri, kabla ya kengele, nikaenda kuwasikiliza, hata sijui kwa nini. Mjomba, hawakuwa wanaugulia. Kulikuwa kimya, kimya cha watu wanaosikiliza. Halafu ndani ya droo, upande wa kulia, kitu kimoja kikalia peke yake. Sauti hiyo sijawahi kuisikia. Ni kama mtoto mwenye mafua anapuliza filimbi ya bati: tuuuuu, moja ndefu, kisha fupi fupi zinafuatana, tuu, tuu, tuu, tuu. Ikanyamaza. Na kutoka upande wa pili, kama vile chini ya godoro, nyingine ikajibu kwa sauti nzito ya kukwaruza, kwaa, kwaa, kwaa. Na nyuki wote wengine kimya, hawasogei.

Nilikimbia kumwita Mpishi aje asikilize nisije nikawa nimechanganyikiwa. Akaweka sikio, macho yakamtoka. "Matroni," akasema, "humo ndani kuna bata."

Ni nini, Mjomba? Ni ugonjwa? Ndio mwisho wao? Nijibu haraka.

Chiriku


Nyumbani
23 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Huyo si bata. Huyo ni malkia.

Huyo wa filimbi ametoka kitandani mwake alfajiri ile ile au jioni iliyotangulia. Hana hata siku mbili. Anashika sega kwa miguu yote, anabana mabawa, anatetemesha kifua, anaiambia nyumba nzima kwamba amefika. Wale wa kwaa, kwaa ni ndugu zake, bado wamefungiwa ndani ya maganda, wanamjibu kwamba na sisi tupo. Vibarua wanasimama kimya kwa heshima. Mimi katika miaka yangu yote ya mizinga nimeisikia mara chache sana, na mara zote nilikuwa nimechelewa, imefika ukingoni. Wewe umeisikia mwanzo mpaka mwisho.

Usifungue. Atatoka mara moja kwenda kuolewa angani, atarudi. Unga wa njano ukianza kuingia tena, jua ameanza kutaga, mwambie Mwalimu Mkuu kwamba wagonjwa wamepona. Huenda hata wiki hii umeshauona.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mlango nilipoisoma barua yako. Nilipofika kwenye ile tuu yako ndefu, nikaisoma kwa mdomo. Kisha zile fupi. Kisha nikarudia yote, na ile ya bata. Sijui nilipiga kelele kiasi gani, maana mke wa jirani alitoka na ufagio mkononi kuangalia kuna nini. Nikamwambia, "Mama, mimi sisikii. Masikio yamekufa. Siku ile ulipobisha, sikukusikia." Nimelisema hivyo hivyo, barabarani, mchana kweupe. Akaweka ufagio chini. Akaingia ndani akaniletea chai, akakaa ngazi ya chini yangu, wala hakunipigia kelele. Nikamwonyesha barua, naye akajaribu kuiiga ile filimbi. Aliharibu kabisa, niliona kwa midomo yake.

Sasa nataka kuweka mkono juu ya hiyo droo. Sauti kama ile inapita kwenye ubao, na kidole changu hakijazeeka. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa ya tarehe mosi, ninafika jioni. Nitalala kwa huyo Mpishi, au stoo, au popote Mwalimu Mkuu atakaporuhusu. Nakuja na bomba langu la moshi na wavu wa uso, maana zile soksi zinaniaibisha.

Njoo stendi unipokee. Kutakuwa na watu wengi, na mimi nitakuwa nimekupa mgongo natafuta mzigo. Usiniite. Zunguka, uje usimame mbele yangu.

Mjomba wako